Mume kaja kaunta kuuliza mkewe kaazima kitabu gani, nikamfungulia daftari. Haya maadili ya ukutubi mtu anayapata wapi?

#1 Mwanafildi wa Moshi · Jumatatu, saa 3:12 usiku
*(Imehaririwa mara 2)*

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, stashahada ya ukutubi. Fildi nafanyia maktaba moja hapa Moshi mjini, jina nalihifadhi. Asubuhi nakaa kaunta, mchana napanga rafu.

Alhamisi iliyopita kaja baba mmoja wa makamo, kavaa vizuri, kasalimia vizuri. Akasema mke wake ni msomaji wetu, kuna kitabu hakionekani nyumbani, anataka kujua ni kipi asije akapigwa faini. Nikaona huyu baba mstaarabu. Nikageuza kauntabuku upande wake na kumwekea kidole kwenye mstari. Pale tunaandika jina, namba ya simu, jina la kitabu, tarehe mbili na sahihi. Akausoma ule mstari. Halafu akafunua nyuma, mwezi uliopita, akafunua tena. Alisimama pale kama dakika tano anashusha kidole taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani. Akasema asante, akaondoka. Habari ya faini hakuiulizia tena.

Kitabu chenyewe kilikuwa [nimefuta, someni #9].

Yule mama alikuwa haachi kuja siku ya [nimefuta]. Msimamizi wangu nilipomweleza akanijibu, "Mume wake yule, wewe umzuie kama nani?"

Sasa swali. Semesta ya kwanza tulisoma maadili ya taaluma, nikapata B plasi. Swali la usiri wa msomaji nililijibu kurasa mbili. Siku yenyewe ilipofika, sikukumbuka hata neno moja. Haya maadili yanapatikana darasani, kwao mtu, au kazini akishaharibu?

Nawasilisha.

#2 Siti ya Dirishani · saa 3:20 usiku

Nimekaa, naagiza na karanga. Kumbe kuna stashahada ya kukaa maktaba?

#3 Mangi Kahawa · saa 3:31 usiku

Dogo hujakosea kitu. Mke na mume mwili mmoja. Mimi nikitaka kujua mama watoto anasoma nini niandike barua kwa Katibu Mkuu? Mnaleta mambo ya Ulaya kwenye kihamba.

#4 Desa Zito · saa 3:44 usiku

Jibu liko kwenye hiyo B plasi. Umekariri. Tumesoma wote hivyo, desa moja, yaani notisi za kukopiana, linazunguka miaka sita mpaka maandishi yamefifia. Dewey alitunga kanuni za maadili mwaka 1876 pamoja na zile sheria zake tano za maktaba, wewe ukazimeza ukazitapika kwenye mtihani. Zingekuwa zimekuingia, mkono ungekataa wenyewe kugeuza daftari.

#5 Rafu 020 · saa 4:02 usiku

#4, hapo umechanganya mafaili matatu. Mwaka 1876 Dewey alichapisha mfumo wake wa kuainisha vitabu, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha maktaba cha Marekani. Sheria tano ni za Ranganathan, mwalimu wa hisabati wa Madras, India, aliyegeuka mkutubi. Alizitoa 1931. Kanuni za maadili za Wamarekani zilikuja 1938, na tangu hizo za kwanza habari ya kutunza siri ya msomaji imo. Za IFLA, yaani shirikisho la kimataifa, ni za juzi tu, 2012.

Tena usimtaje Dewey kwenye uzi wa maadili. Mambo aliyokuwa akiwafanyia wanawake ya kuwashikashika yalimtoa kwenye uongozi wa chama mapema tu, na 2019 chama hichohicho kikaliondoa jina lake kwenye medali yao. Mfumo wake tunautumia kila siku, tabia zake tumemwachia.

#6 Desa Zito · saa 4:05 usiku

Nimepigwa sapu hadharani. Lakini hoja yangu imesimama.

#7 Siti ya Dirishani · saa 4:07 usiku

Imesimama kwa mguu mmoja 😂

#8 Mama Katalogi · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mwanangu Mwanafildi, pole. Mimi ni mstaafu, nipo Machame na kahawa zangu. Kaunta nimekaa zaidi ya miaka 25, kwa hiyo nitakuambia nilichokiona.

Hilo daftari lenu ndilo tatizo. Nilipoanza kazi hatukuwa na daftari. Kila msomaji alikuwa na vifuko vitatu vya karatasi ngumu vyenye jina lake. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndogo, imechomekwa kwenye mfuko nyuma ya jalada. Mtu akiazima, unachomoa kadi ya kitabu, unaitumbukiza kwenye kifuko chake, unagonga muhuri wa tarehe, unaipanga sandukuni. Akirudisha, kadi inarudi kitabuni na kifuko anakabidhiwa mwenyewe. Basi. Kadi na kifuko vikishatengana hivyo hakuna mtu, hata mimi niliyewahudumia, anayeweza kukuambia nani alisoma nini. Uliitwa mfumo wa Browne.

Na huyo baba angekuja akaniuliza, hata kama ningetaka kumsaidia nisingeweza. Sanduku linapangwa kwa tarehe ya kurudisha, halafu namba ya kitabu. Halipangwi kwa jina la mtu. Ningechambua kadi moja moja mpaka jioni.

Nilipelekwa chuo Bagamoyo baadaye, nikafundishwa usiri kwa jina lake. Nikasema alaa, kumbe kile ndicho nilichokuwa nafanya. Sanduku lilikuwa limenifundisha.

Kauntabuku ilikuja kadi zilipokwisha na hakuna aliyeagiza nyingine.

#9 Jirani wa Pasua · saa 1:40 asubuhi

Mwanafildi, unatuuliza kuhusu siri ya yule mama huku umetuandikia jina la kitabu, siku anayokuja, sokoni anakotokea na rangi ya gari la mume. Moshi hii tunajuana wote. Mimi nimesoma mara moja tu nimeshaanza kuhisi ni nani. Futa sasa hivi.

#10 Mwanafildi wa Moshi · saa 1:52 asubuhi

Duh. Nimefuta. Mkono unatetemeka, sikuliona kabisa hilo.

#11 Jirani wa Pasua · saa 1:55 asubuhi

Ndiyo mara ya pili ndani ya wiki moja. Sikusemi kwa ubaya.

#12 Mangi Kahawa · saa 2:10 asubuhi

Hahaha mimi nilishasoma kabla hajafuta. Ni kile cha

#13 Mama Katalogi · saa 2:11 asubuhi

Mangi. Ishia hapohapo baba.

#14 Mangi Kahawa · saa 2:30 asubuhi

Sawa mama, shikamoo. Nimeishia.

Ila mama umesema Bagamoyo. Kile chuo si cha juzi tu, miaka ya 2000?

#15 Mama Katalogi · saa 2:41 asubuhi

Marahaba. Kilianza 1989, mimi ni wa makundi ya mwanzo. Bahari ipo palepale na mbu tuliowaacha nadhani wapo mpaka leo.

#16 Njaa Kali · saa 4:25 asubuhi

Nyie mnazunguka mlima. Tuseme ukweli. Nani kati yetu aliomba ukutubi chaguo la kwanza? Wengi tulikuja baada ya pointi kukataa sheria na uhasibu. Mtu kapangiwa kozi hakuichagua, bumu limechelewa, nauli ya daladala kutoka Majengo anakopa, fildi halipwi hata senti. Halafu mnataka asimame imara mbele ya mtu mzima kwa ajili ya IFLA? Maadili yanaota kwenye kazi inayoheshimiwa. Daktari anatunza siri kwa sababu jamii nzima inajua daktari ni nani. Sisi wanatuita "wale wanaonyamazisha watu".

#17 Rafu 020 · saa 4:40 asubuhi

Kunyamaza hakuna bajeti mkuu. Kusema "samahani baba, hilo sitaweza" kunagharimu shilingi ngapi?

#18 Njaa Kali · saa 4:43 asubuhi

Kunagharimu fomu ya tathmini ya fildi. Msimamizi aliyesema "mume wake yule" ndiye anayejaza alama. Hilo hulioni?

#19 Binti wa Rau · saa 6:18 mchana

Mimi nasema malezi. Bibi yangu alikuwa na duka dogo, watu wanakopa sukari, sabuni, mafuta ya taa. Daftari la madeni alikuwa analikalia, namaanisha analikalia kabisa, chini ya kanga. Ukimuuliza mama fulani anadaiwa kiasi gani anakujibu, "Wewe unadaiwa kiasi gani?" Hakwenda chuo chochote. Mtu aliyelelewa hivyo hageuzi kauntabuku.

#20 Mwanafildi wa Moshi · saa 6:50 mchana

Dada, mimi kwetu nimelelewa vizuri tena kwa fimbo. Na nikifikiria vizuri, malezi ndiyo yaliyoniponza. Nimefundishwa mtu mzima akikuuliza unajibu, tena umesimama. Yule baba aliponiita "kijana wangu" mimi tayari nilikuwa nimeshalishika daftari.

#21 Binti wa Rau · saa 6:58 mchana

Hapo umenishika. Ngoja nitafakari.

#22 Waya Mwekundu · saa 8:05 mchana

Mnateseka na karatasi mwaka huu? Wekeni Koha. Programu ya bure ya maktaba, ilianzia New Zealand, ilianza kazi Januari 2000, na vyuo vingi hapa nchini vinaitumia. Ina kipengele cha msomaji kuchagua kumbukumbu zake zikae au zifutwe akisharudisha kitabu, msimamizi wa mfumo akikiwasha. Halafu kila mfanyakazi anaingia kwa nywila yake, kwa hiyo ukichungulia unajulikana. Tatizo la maadili limeisha, tufunge uzi.

#23 Mama Katalogi · saa 8:20 mchana

Na umeme ukikatika?

#24 Waya Mwekundu · saa 8:22 mchana

Mnaandika pembeni, ukirudi mnaingiza.

#25 Mama Katalogi · saa 8:23 mchana

Mnaandika pembeni kwenye nini?

#26 Siti ya Dirishani · saa 8:24 mchana

KAUNTABUKU 😂😂😂 Mama kaua.

#27 Rafu 020 · saa 8:51 mchana

Waya, kwenye "akikiwasha" ndipo kazi ilipo. Chuo nilichosoma kipengele hicho hakikuwahi kuguswa, kumbukumbu za wasomaji zipo tangu mfumo ulipowekwa. Na mama, kwa heshima, sanduku lako nalikubali ila siyo masanduku yote. Kulikuwa na mfumo wa Newark, kadi ya kitabu inaandikwa namba ya kila aliyekichukua, na kitabu kikirudi inachomekwa tena ndani yake. Unafungua jalada unakuta ukoo mzima wa wasomaji waliokutangulia. Kama kifaa ndicho kinachofundisha, basi waliolelewa na Newark wangekuwa wambea wote.

#28 Mama Katalogi · saa 9:10 alasiri

Mwanangu, nimefanya kazi na baadhi yao.

#29 Njiro Kwa Chini · saa 2:05 usiku

Nipo Arusha. Nichangie kidogo. Mwaka wa mwisho darasa letu lilipewa mada ya kumbukumbu za ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994, ikakaa hapa AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Nyaraka zake zinatunzwa na chombo kilichoirithi, kipo Lakilaki, nje kidogo ya mji.

Kilichonishika ni nakala za mashahidi. Shahidi aliyelindwa haitwi kwa jina, anaitwa kwa herufi, JJ, OO, namna hiyo. Na nakala ya kusoma umma, palipo na kitu cha kumtambulisha pamezibwa. Kijiji, jina la mjomba, kazi aliyokuwa akifanya. Mwanzoni nikaona wanazidisha, jina la mjomba lina shida gani? Mwalimu akatuambia chukueni kipande kimoja, kila mtu aseme anadhani shahidi ni mtu wa aina gani. Kwa vipande vitatu vidogo tu tulikuwa tumebakiza nyumba kama mbili hivi.

Kwa hiyo #9 nakazia. Jina lenyewe halihitajiki. Siku, soko na gari vinatosha kuua.

Mimi maadili nilianzia hapo. Kabla ya hapo nilikuwa najua neno "faragha", nilikuwa simjui mtu yeyote anayeliishi.

#30 Desa Zito · saa 2:30 usiku

Kwa hiyo ni darasani! Hoja yangu imepata mguu wa pili.

#31 Njiro Kwa Chini · saa 2:33 usiku

Wewe ulisema desa. Mwalimu wetu hakuwa na desa, alikuwa na karatasi tatu na saa nzima.

#32 Mwalimu wa Zamu · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mnaongea usiri tu kana kwamba maadili ni hilo moja. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilikabidhiwa maktaba kwa sababu sina vipindi Ijumaa. Nikakuta kabati la chuma, kufuli mbili. Ndani vitabu vya msaada, vipya, baadhi bado viko ndani ya nailoni. Aliyenitangulia alivitunza miaka minne, hakuna hata kimoja kilichopotea, na aliagwa kwa cheti cha uaminifu. Wanafunzi nje wanagombania kitabu kimoja cha fizikia kisicho na jalada.

Sheria ya kwanza ya huyo Ranganathan ni kwamba vitabu ni vya kutumika. Ila nami nilivyofungua, muhula wa kwanza vilipotea 11. Mkuu wa shule akaniita. Aliyefungia ana cheti, mimi nina barua ya kujieleza. Nani ana maadili hapo?

#33 Mangi Kahawa · saa 1:20 asubuhi

Mwalimu, hivyo 11 vilikwenda kusomwa au kufungia maandazi?

#34 Mwalimu wa Zamu · saa 1:24 asubuhi

Viwili nimevikuta vinafungia maandazi. Kimoja mwanafunzi alikuja nacho mtihani ulipoisha, anasema "niliogopa ungekifungia tena".

#35 Mhasibu Mtarajiwa · saa 3:40 asubuhi

Mimi si mkutubi, nilipita tu. Naomba kutubu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapahapa Moshi, kitabu cha uhasibu kilikuwa kimoja na darasa watu 90. Nilikuwa nakitoa kwenye rafu yake, namba 657, nakificha nyuma ya vitabu vya kilimo cha kahawa, 633.73, kule hakuna anayefika. Wiki tatu nilikuwa nasoma peke yangu kama mtoto wa tajiri.

Siku moja nimekwenda, kitabu hakipo, kuna kikaratasi: "Wenzako wanakitafuta. Kiko kaunta, saa mbili kila mtu." Hakuniita, hakunitaja. Hata leo sijui alijuaje kuwa ni mimi, au kama alijua. Yule mama wa kaunta nikikutana naye nainamisha kichwa.

#36 Siti ya Dirishani · saa 3:48 asubuhi

Sisi wa rafu ya kahawa tujuane.

#37 Rafu 020 · saa 4:15 asubuhi

Huyo mama wa kikaratasi ndiye jibu la uzi mzima. Mwanafildi hakukosa darasa wala malezi, alikosa mtu mmoja wa kumwangalia akifanya. Yeye alipewa anayesema "umzuie kama nani".

#38 Njaa Kali · saa 4:22 asubuhi

Na huyo mama alimwangalia nani? Mnarudisha swali nyuma hatua moja mnaita jibu.

#39 Hakimu wa Kijiwe · saa 7:30 mchana

Sheria mmeisahau. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Jina na namba ya simu ni taarifa binafsi. Daftari linaloachwa wazi kaunta kila anayejiandikisha asome wa juu yake lina walakini hata kabla mume hajaja. Na siyo maktaba tu, angalieni daftari la wageni pale getini kila ofisi mnayoingia.

#40 Mangi Kahawa · saa 7:41 mchana

Haya, tuseme nimekubali. Kitabu kikipotea mtampataje mtu kama hamwandiki?

#41 Mama Katalogi · saa 7:55 mchana

Unaandika, Mangi. Mpaka siku ya kurudisha. Baada ya hapo unamtunzia nani?

#42 Mangi Kahawa · saa 8:12 mchana

Hilo la baada nimekuelewa. La kabla bado napinga. Na mama watoto wangu kasoma huu uzi, leo nimepewa ugali mkavu.

#43 Mwanafildi wa Moshi · Ijumaa, saa 12:35 jioni

Wakuu asanteni. Mrejesho.

Jana nilinunua manila moja, shilingi zangu mwenyewe. Nimekata tundu refu la upana wa mstari mmoja. Naiweka juu ya kauntabuku, msomaji anaona mstari wake tu, anaandika, naisogeza chini. Mstari wa mtu aliyekwisha kurudisha naukata kwa kalamu ya wino mzito, naacha namba ya kitabu na tarehe. Msimamizi aliniangalia muda, akasema "naona una kazi nyingi sana", akaondoka. Hakunikataza. Leo nimemkuta anaitumia, ila ameiweka kichwa chini miguu juu.

Kwenye logibuku kuna kisanduku "Ulichojifunza wiki hii". Nimeandika "kukata manila". Bado sijui jibu la swali langu, mmeniongezea mengine manne.

#44 Njaa Kali · saa 12:50 jioni

Wino mzito wenyewe ukiinua karatasi kwenye mwanga unasomeka dogo. Jaribu.

#45 Mwanafildi wa Moshi · saa 1:15 usiku

Nimejaribu. Unasomeka. Jumatatu naanza kupaka mara mbili, mbele na nyuma.

#46 Jirani wa Pasua · saa 1:30 usiku

Na yule mama?

#47 Mwanafildi wa Moshi · saa 1:48 usiku

Hajaja. Kitabu kimerudi leo mchana, kaleta bodaboda, amekifunga kwenye gazeti. Hakuna ujumbe. Hakijachanika, kuna ukurasa mmoja tu ulikuwa umekunjwa pembe.

#48 Mangi Kahawa · saa 1:50 usiku

Ukurasa wa habari gani?

#49 Mwanafildi wa Moshi · saa 1:53 usiku

Nimeukunjua.